Zamu ya Mvulana

"Zamu haipo, bibi," mtoto alisema kutoka tumboni. "Mwache mama akunje nguo."

"Nyamaza! Hujazaliwa, unajibizana na wakubwa?" Bibi aliliinamia tumbo la mkwewe. "Wasichana wanne mfululizo. Wa tano lazima awe mvulana."

Mtoto alianza kusema mimba ilipokuwa ya miezi saba. Mkunga wa jirani aliona ni nafuu, maana alimwuliza mtoto mwenyewe amelalaje. Shida ilikuwa chumba. Baba, fundi seremala, alichonga kitanda kizuri, akakiweka chumba cha mbele na kufunga mlango kumsubiri mvulana. Wasichana walibanana kitanda kimoja, kichwa huku, miguu kule. Mdogo aliamkia sakafuni kila siku.

Bibi aliuza maharage maisha yake yote. "Maharage yakichanganyika, ukachota mekundu tu, ujue meupe yamebaki chini. Yatakwenda wapi?"

"Gunia huisha, bibi. Huku hakuna gunia. Kila anayekuja anaanza upya, hajui nani kamtangulia."

"Haya, mjuaji, wewe ni msichana au mvulana?"

"Sijui. Huku giza."

Baba alicheka, lakini akamwunga mkono mama yake. Wanne upande mmoja, alisema, sasa upande wa pili nao upate. "Hata bahati ina aibu."

"Mnanichosha," mtoto alisema. "Natoka."

Akatoka. Mkunga aliwahi kwa shida, viatu mkononi. Alimfuta, akamfunga kitenge, akampa bibi. Alikuwa msichana. Alilia tu kama watoto wengine, maneno yote kayaacha kule alikotoka.

Bibi alimbusu paji la uso, machozi yakimlengalenga. "Karibu, mke mwenzangu. Mdomo wako nitaukumbuka." Kisha akamgeukia mwanawe. "Sasa wamefika watano. Wa sita hana pa kukwepea."

"Hana," baba alisema, akimchezea mtoto vidole.

Mama, aliyekuwa bado amelala chali, alinyoosha mkono. "Ufunguo."

"Wa nini, mke wangu? Si umesikia wa sita—"

"Ufunguo, baba watoto."

Aliutoa mfukoni. Mama akampa binti mkubwa. "Chukua mto wako na mdogo wako anayekufuata. Nendeni chumba cha mbele."

Bibi aliguna kwamba watoto watakichakaza kitanda cha mwenyewe. Mlango ulifunguliwa, na mchana ule ule wasichana wawili wakalala humo, mikono wameitanua.