Uso wa Kinyozi

Mdogo wangu ni kinyozi, na kinyozi hana mahali pa kuficha uso wake. Saluni anayofanyia kazi ina vioo pande zote mbili, vinavyotazamana. Mtu akisimama nyuma ya kiti anajiona mbele, anajiona nyuma, na nyuma ya hapo anajiona tena, mdogo mdogo, mpaka macho yachoke. Mwenye uso laini hilo halimsumbui. Mdogo wangu alianza kuota chunusi akiwa na miaka kumi na mitano, na alipofika ishirini na tisa zilikuwa bado hazijamwonea huruma. Zilijaa mashavuni, kidevuni, hadi chini ya taya, nyingine ndogo kama mbegu za mtama, nyingine kubwa za kuuma hata zikiguswa na kola ya shati.

Hakuna mteja aliyemtukana. Walisema tu, "Mimi nitamsubiri yule," huku wakimwonyesha kinyozi wa kiti cha katikati, mwenye foleni ya watu wanne, ilhali kiti cha mdogo wangu kiko kitupu na kitambaa kimekunjwa vizuri juu yake. Waliamini chunusi huambukizwa kwa wembe. Haziambukizwi, lakini huwezi kumfundisha mtu jambo hilo wakati anaiangalia shingo yake kwenye kioo.

Jioni moja tukiwa tunakula aliniambia, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba amepata kazi ya kupanga mizigo ghalani. Angeanza baada ya miezi mitatu, ghala jipya likikamilika.

"Kupanga mizigo, na mikono hiyo?" nikamuuliza.

"Ghalani hakuna vioo, Dada."

Sikuweza kumaliza chakula changu. Nimemlea mimi tangu mama yetu afariki. Mkono wake ni mwepesi kuliko wa mtu yeyote ninayemjua. Baba alipokuwa mgonjwa, amebaki ngozi na mifupa, ni yeye peke yake aliyeweza kumnyoa bila kumkwaruza. Mkono kama huo Mungu hampi kila mtu. Usiku ule niliomba, nikamwahidi Mungu kwamba sitamwacha kijana huyu auzike mkono wake kwenye magunia bila kuupigania hata kidogo. Asubuhi nikamwomba mdogo wangu anipe hiyo miezi mitatu kabla hajaaga saluni, nikampeleka kwa daktari wa ngozi.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alimkagua uso chini ya taa, akaandika dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A. Mimi nilitoa daftari langu, lile ninalokwenda nalo darasa la jioni, nikaanza kuandika.

"Usiku tu," alisema. "Unanawa, unasubiri uso ukauke kabisa, unachukua kiasi cha punje ya njegere, unapaka uso mzima. Usiguse chunusi moja moja kama fundi anayeziba matundu ya ukuta. Anza usiku mmoja, ruka mmoja. Juu yake losheni laini. Mchana losheni ya kukinga jua, maana ngozi itakuwa nyepesi. Na wiki za mwanzo hali inaweza kuzidi kabla ya kupungua, kwa hiyo msije hapa kuniita mwongo. Nipeni wiki kumi na mbili." Kisha akanigeukia. "Mama, mgonjwa ni nani kati yenu?"

"Mimi ni karani wake, daktari."

"Karani, mpishi na askari," mdogo wangu akasema. "Akilala ndiyo napumua."

Daktari akacheka. Nilipofika nyumbani nikaisoma karatasi ya maelezo polepole, kidole chini ya kila mstari, mpaka mwisho. Iliandikwa kwamba mtumiaji asipake usoni vitu vikali, hasa vyenye spiriti. Nikamuuliza, "Huko saluni hujipaki spiriti?"

"Sijipaki," akajibu, haraka kidogo kuliko kawaida yake.

Nikachora jedwali la wiki kumi na mbili kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari. Kila asubuhi nilimtazama uso kwenye mwanga wa dirisha, naandika neno moja: vizuri, wekundu, kubanduka. Wiki ya tatu chunusi ziliongezeka, kama tulivyoambiwa, nikamtia moyo. Wiki ya nne zikawa bado nyingi, nikajitia moyo mwenyewe. Lakini wiki ya tano haikuwa chunusi tena. Ngozi ya mashavu ilipasuka, pembe za mdomo zikachanika, hata maji ya kunawa yakawa yanamchoma. Alikuwa anakula kwa upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu.

Tukarudi kwa daktari. Akasema hii imepita kiasi. "Kuna kitu kingine kinagusa uso wako?"

"Hakuna," mdogo wangu akasema.

"Pumzisha siku tano, kisha uanze tena polepole."

Akapumzisha. Ngozi ikatulia, akaanza tena, na hadi Ijumaa niliandika "vizuri" kwa herufi kubwa. Jumapili asubuhi uso ulikuwa umewaka moto upya.

Mimi nafanya kazi ya udobi hotelini, kwa hiyo wazo langu la kwanza lilikuwa sabuni. Nikabadilisha sabuni ya foronya zake. Nikabadilisha taulo. Niliomba kwa machozi, na sitaficha, nilimlalamikia Mungu kidogo, kwamba nimemtii na kila kitu nimekiandika, sasa mbona hivi. Baadaye nikamwomba radhi kwa maneno hayo, nikalichukua daftari nilisome tena tangu mwanzo. Hapo ndipo nikaona. Siku mbaya kuliko zote, kila wiki, ilikuwa Jumapili.

Jumamosi iliyofuata nilitoka kazini nikaenda moja kwa moja saluni. Jua lilikuwa linaelekea kuzama, na vinyozi walikuwa wanafunga wiki. Nilisimama mlangoni. Kwenye benchi kulikuwa na wateja watatu bado wanasubiri.

Kwenye kiti cha katikati alikaa mdogo wangu, kitambaa shingoni. Nyuma yake alisimama kinyozi wa kiti hicho, pande la mtu wanayemwita Shoka, jina la utani alilopewa kwa sababu hajawahi kumkata mtu hata mara moja. Alikuwa anamalizia kumnyoa ndevu kwa wembe. Kisha akamimina spiriti kwenye kiganja, mpaka ikachuruzika hadi kwenye kiwiko, akampaka uso mzima kwa nguvu, shavu hili, shavu lile, akaja na jiwe la shabu, lile la kukausha damu, akasugua juu yake.

"Anayeuogopa uso huu," akaliambia benchi, "na aniogope mimi pia. Mnaona mkono wangu? Umeota nini?"

Watu wakacheka. Mdogo wangu alikuwa anatabasamu, macho ameyafumba, na machozi yanamtoka kwenye kope yanashuka hadi masikioni.

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kumngoja nje. Lakini maneno yalinitoka kabla sijayapima.

"Kumbe ni wewe. Wewe ndiye unayemuunguza."

Shoka akateremsha mkono, spiriti bado inadondoka. Mdogo wangu akafumbua macho, akanitazama kupitia kwenye kioo, akafungua kitambaa mwenyewe, akatoka bila kuaga.

Tulitembea mitaa miwili.

"Umemwambia mbele za watu kwamba mkono wake unaniunguza," alisema mwishowe.

"Si ni kweli?"

"Ni kweli. Unadhani sijui kama inaunguza? Ule uso ni wangu, Dada, si wa kwenye daftari." Akasimama. "Miaka mitatu niliyokaa pale saluni, hakuna mtu ananigusa uso. Kinyozi anagusa nyuso za watu mia kwa wiki, na wa kwake haguswi. Ni Shoka tu, kila Jumamosi, benchi likiona. Sasa nikimwambia aache, wale wa kwenye benchi wataona nini? Wataona hata Shoka ameniacha."

"Basi ungeniambia mimi."

"Ungeandika."

Nyumbani aliiweka tyubu ya dawa mezani, upande wangu, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Akasema ghala linakaribia kukamilika, wameshamwambia akitaka kuanza mapema aanze. Akaingia kulala.

Jumapili yote niliomba, na sikupata jibu lolote zaidi ya aibu. Kila nilipotaka kumwombea mdogo wangu nilikuwa namwona yule mtu mkubwa na mkono wake unaodondoka. Mwishowe nikaelewa kwamba kabla ya kuomba kitu kingine nina deni la kuomba radhi.

Jumatatu asubuhi nilimkuta Shoka peke yake, anafagia mbele ya saluni.

"Dada mwenye daftari," akasema. Hakukasirika, ila hakuacha kufagia.

"Nimekuja kukuomba radhi, kaka yangu. Nilikuvunjia heshima mbele ya wateja wako."

"Ulisema namuunguza. Namuunguza au simuunguzi?"

"Unamuunguza. Lakini haikuwa haki nikwambie vile."

Akaacha kufagia. Nikampa karatasi ya maelezo, akaisoma akiwa amesimama, midomo inatembea, kama ninavyosoma mimi. Nikamweleza habari ya ngozi inayokuwa nyepesi. Nikamweleza pia kwa nini mdogo wangu hakusema, neno kwa neno. Aliposikia hayo akaingia ndani, akakaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, akautazama mkono wake.

"Mimi nilikuwa naimimina nyingi," akasema. "Nikidhani naua wadudu."

"Hana wadudu."

"Sasa ndiyo naambiwa. Dada, nikwambie kitu, na usikiandike. Jumamosi tunanyoana wote hapa. Mimi namnyoa yeye. Unajua mimi nanyolewa na nani?"

"Sijui."

"Na mwenye saluni. Miaka yote mitatu. Hajawahi kunigusa shingo, mdogo wako. Nampaka spiriti mbele za watu, nasema maneno mengi, kisha naenda kukaa kwenye kiti kingine. Ile spiriti nilikuwa naupaka mkono wangu mwenyewe, nisiambukizwe." Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni. "Na yeye ni kinyozi, Dada. Haiwezekani hakuona."

Nilimshukuru nikaenda kazini, na siku nzima nilipiga pasi mashuka bila kuona ninachopiga pasi.

Wiki ile mdogo wangu alikwenda saluni kila siku lakini dawa hakuigusa. Sikumsemesha juu ya dawa. Daftari nililiweka kabatini. Jumamosi nilikaa nyumbani, nikaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Alirudi giza likianza kuingia. Alivua viatu, akakaa mezani, akanywa maji glasi mbili. Uso wake ulikuwa umenyolewa, na haukuwa mwekundu.

"Ulikwenda kwa Shoka," akasema.

"Nilikwenda kumwomba radhi."

"Amenionyesha cheti chako cha radhi. Ile karatasi nzima ameikariri, anaihubiri kwa wateja. Amenunua na losheni ya jua, amejipaka kama mtu aliyepakwa unga." Akacheka kidogo, halafu akaacha. "Leo amechukua mashine badala ya wembe. Maji ya uvuguvugu tu. Benchi likamuuliza, spiriti imekwisha? Akasema, daktari amekataza, na hana cha kuua hapa. Amenipangusa kwa mkono mtupu, polepole. Nilidhani imeishia hapo."

"Haikuishia?" nikauliza.

"Kumbe akanisimamisha, akaenda kwenye kiti changu akakaa. Kiti changu mimi. Akajifunga kitambaa mwenyewe, akainua kidevu. Akasema, wembe, si mashine." Alikuwa anaizungusha glasi mezani. "Mkono ulinitetemeka, Dada. Haujawahi kutetemeka, hata kwa Baba. Akafumba macho. Akaniambia, chukua muda wako, nimechelewa miaka mitatu, dakika kumi hazitaniua."

"Na wale wa kwenye benchi?"

"Hakuna aliyekuja baada yake. Mmoja alitazama saa akaondoka. Wawili walimngoja Shoka." Akainua mabega. "Lakini walikaa wakaangalia mpaka mwisho. Hakuna aliyecheka."

"Na ghalani?"

Alinyanyuka, akaenda kunawa uso. Alirudi akakaa, uso wake wenye makovu na chunusi ambazo bado zilikuwepo, nyingi tu, ukikauka taratibu kwenye mwanga wa taa. Sisi wawili tulikaa tukingoja ukauke, kama watu wanaongoja chai ipoe. Moyoni nilikuwa nasema asante, neno hilo moja tu.

"Shoka ana alama ya kuzaliwa hapa, nyuma ya sikio," akasema, akijigusa mahali penyewe. "Ndogo, kama jani. Kumbe anayo miaka yote."

Kisha akanyoosha mkono, akaivuta tyubu kutoka upande wangu wa meza, akabonyeza kidogo kwenye ncha ya kidole.

"Hii imezidi njegere?"

Nikainama nikatazama. "Haijazidi," nikamwambia.