Boliti la Plau la Mama Bernadina

Miaka ile ya mashamba ya ngano ya serikali, dereva wa shamba kule Hanang alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Nilikuwa na ovaroli ya buluu, kalamu mfukoni isiyo na wino, na Landrova kuukuu yenye vumbi jingi kuliko rangi. Siku ya mnada Katesh nilitembea polepole makusudi, ili watu wapate muda wa kuniona. Ndivyo nilivyokuwa, mimi Isidori, na sioni faida ya kujipamba sasa.

Ile Landrova ilikuwa na kasoro moja. Unazungusha usukani kiganja kizima kabla magurudumu hayajapata habari. Shambani hilo halikumsumbua mtu. Barabara zimenyooka, ngano kulia, ngano kushoto, na ukitoka njiani unaingia kwenye ngano. Madereva tulizoea kuuchezesha usukani huku na huku muda wote, kama mtu anayepepeta mahindi, na gari likaenda. Dereva mgeni akilalamika tulimcheka na kumwambia hajui gari.

Basi nikapewa ruhusa ya kwenda nalo Tlawi kumposa Fransiska. Nilikutana naye Gitting, alipokuja kumsaidia dada yake wakati wa mavuno, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikaa karibu na mtu nikasahau kujisifu. Nilimpenda hata kula kulinishinda. Baba yake alikuwa ameshafariki. Mwenye neno la mwisho alikuwa mama yake, Mama Bernadina, mjane aliyelima mwenyewe kwa ng'ombe na plau. Mume wa yule dada wa Gitting alikuwa mlevi wa kupindukia, na Mama Bernadina alishatangaza mpaka kanisani kwamba mkwe mlevi wa pili hatamkanyagia uwanja.

Mimi sikuwa mnywaji. Nilijua hapo nimeshapita, hata nikatuma salamu kwamba jioni nitampakia Fransiska nimpeleke Gitting akamsalimie dada yake.

Mposaji haendi peke yake, kwa hiyo nilimchukua baba mdogo, Mzee Yoakimu, aniongelee. Mpaka Dongobesh alikuwa anasimulia hadithi. Tulipoanza kupanda Tlawi aliacha hadithi, akatoa rozari.

Tlawi ni milima mitupu. Nyumba zimekaa kwenye miteremko, na ukisimama kwenye uwanja wowote unaiona barabara yote tangu bondeni. Mimi kona sikuzizoea. Nikikata kulia gari linafikiria kwanza, halafu linakata kupita kiasi. Nikilirudisha, linakwenda mpaka ukingo wa pili. Huku nyuma ya vumbi langu kila mtu aliacha jembe akasimama kutazama. Nami nilidhani wanastaajabia gari, nikawapungia mkono, yaani nikabaki na mkono mmoja kwenye usukani.

Tulipofika, baba mdogo alifungua mlango, akashuka, akayumba hatua kadhaa, akashika mti wa zizi na kutapika.

Mama Bernadina alikuwa amesimama uwanjani na majirani wake. Fransiska alikuwa mlangoni, mkono mdomoni.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba. Mmekunywa wapi?"

"Hatujanywa, mama. Ni gari."

"Yule wa Gitting naye husema ni njia."

Nikajitolea kunuswa. Alininusa kweli, akarudi nyuma. Asubuhi nilikuwa nimetafuna karafuu ili ninukie vizuri mbele ya wakwe, na karafuu, kama anavyojua kila mwanamke aliyewahi kuishi karibu na mlevi, ndiyo wanayotafuna wao kuficha harufu ya pombe.

Nikaona uchumba wangu unakwenda na maji. Nikapandisha sauti.

"Mama, steringi imelegea! Imelegea tangu msimu wa kupanda! Muulize dereva yeyote wa shamba, wote tunajua!"

Nililisema hilo kwa fahari, kama mtu mwenye mashahidi wengi. Mama Bernadina alinitazama kidogo.

"Basi nionyeshe," akasema.

Nilitoa spana. Juu ya boksi la steringi kuna skrubu ya kukaza, na fundi wa mdomo kama mimi hukimbilia hiyo kwanza kwa sababu iko karibu na haichafui nguo. Nikaikaza mpaka mwisho. Usukani ukawa mgumu, nikatangaza kwamba ugonjwa umekwisha, nikawasha gari nizunguke uwanja. Nilikata kushoto vizuri kabisa. Tatizo ni kwamba usukani ulikataa kurudi. Niliendelea kushoto, nikapita katikati ya kuku, nikasimama ndani ya maharage ya Mama Bernadina.

Majirani walicheka mpaka wakashikana. Baba mdogo alisema kwa sauti dhaifu kwamba labda turudi nyumbani.

Sikuwa tena na cha kupoteza ila ovaroli. Nikairegeza ile skrubu ilivyokuwa, nikasema kazi hii inataka watu wawili: mmoja auchezeshe usukani huku injini imezimwa, mwingine alale chini ashike kila kiungo, aone mwendo unapotelea wapi. Fransiska akapiga hatua.

"Wewe hukai humo," mama yake akasema, akapanda yeye mwenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyolala chali chini ya Landrova, miguu nje, mbele ya mtu ambaye mkwe mwenye adabu hamkazii hata macho. Juu alikuwa anazungusha kulia, kushoto, kulia, na kila mara akisema, "Mbona halifanyi kitu?" Nilishika viungo vya kwenye magurudumu. Vilikuwa vizima. Nikafuata vyuma kurudi nyuma, kimoja kimoja, vyote vikisubiri tu kuambiwa. Mwisho nikaweka kiganja kwenye boksi lenyewe, kikatikisika. Nilikwangua tope la mwaka mzima na grisi, nikaona: maboliti yanayolishikilia boksi kwenye chesisi, fremu ya gari, yamelegea yote, na moja halipo kabisa. Usukani ulipozungushwa, boksi lilicheza kwanza mahali pake, ndipo magurudumu yakapewa yaliyobaki.

"Mama," niliita nikiwa chini, "boliti moja limeanguka."

Alishuka, akaenda kwenye plau lake, akafungua boliti akanipa. Lilikuwa refu kidogo. Nikaongeza washa, kile kipete cha chuma cha kujazia nafasi, nikakaza yote mpaka mishipa ya shingo ikanisimama. Alirudi kwenye usukani akauzungusha kidogo tu, na magurudumu yakaitika hapo hapo.

"Teremka mpaka bondeni," akaniambia, "halafu upande tena. Wakuone wote."

Niliteremka, nikageuza, nikapanda. Gari lilishika njia kama limepigiwa mstari. Kwenye kila uwanja watu walisimama tena, na safari hii sikumpungia mtu. Niliposhuka nilikuwa na tope usoni na furaha ya kunitoa machozi. Fransiska alikuwa anacheka waziwazi.

"Sasa umeona mama," nikasema. "Sikuwa nimelewa."

"Nimeona. Ulikuwa na akili zako zote." Alisema taratibu, bila hasira, na hapo ndipo nilipoogopa. "Tangu msimu wa kupanda mnajua gari halishiki njia. Ukampakia mzee wa watu. Na jioni ulitaka umpakie binti yangu umpeleke Gitting akamsalimie dada yake. Mlevi ningesema hajui anachofanya."

Nilitazama chini, nikaona maharage yaliyolala, na aibu niliyoipata siku ile bado naijua ilivyo. Baba mdogo, mshenga wangu, aliitikia kwa kichwa. Alikuwa upande wa Mama Bernadina.

"Boliti langu nalitaka kabla ya kulima," Mama Bernadina akasema. "Na uje bila hilo gari."

Nilirudi Hanang nikijua nimekataliwa, maana kumwambia mtu arudishe boliti si kumwambia karibu. Karakana walinipa boliti sahihi. La plau nililiosha kwa dizeli, nikalifunga kwenye leso.

Jumapili ya pili nilishuka lori Mbulu, nikaenda kwa miguu. Usiku wake mvua ilikuwa imenyesha, na njia ya Tlawi ilikuwa utelezi mtupu. Nilivaa viatu vya ngozi, mjinga mimi, vya kupendezea wakwe. Nilikwenda kulia nikashika majani, nikakwenda kushoto nikapiga goti, nikasimama, nikaserereka tena, na kwenye viwanja vyote watu walitoka kunitazama. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilipoinua macho, Mama Bernadina alikuwa ukingoni mwa uwanja wake, mikono kiunoni. Jirani alimuuliza jambo huku akicheka. Nilisikia jibu lake vizuri, maana sauti ya Tlawi husafiri.

"Mwacheni ayumbe. Leo akianguka, anaanguka peke yake." Kisha akageukia nyumba. "Fransiska! Mteremkie mwenzio umshike mkono, chakula kinapoa."