Namba ya Kitwana

Friji liliguna. Gizani, kwenye chumba cha kupanga huko Kibaha, likakohoa mara mbili, likatetemesha vikombe vilivyopangwa juu yake, kisha likaanza kuunguruma kama ilivyo kawaida yake. Zuwena akafumbua macho. Umeme umerudi.

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro, alfajiri. Binti yake Naila, wa miaka sita, alikuwa amelala mguu mmoja ukutani na mwingine juu ya tumbo la mama yake. Zuwena akauondoa mguu taratibu, kama mtu anayeondoa yai chini ya kuku, akapapasa hadi mezani, akachomeka kompyuta kwenye umeme. Saa nne asubuhi alitakiwa awe Kisarawe na karatasi mkononi. Karatasi ya kumfukuzisha mtu kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mradi mmoja wa chanjo ya mifugo ulimchukua Zuwena kwa majaribio ya miezi mitatu awatengenezee fomu ya kuandikisha wafugaji kwenye kompyuta. Alikuwa amesoma masomo ya jioni miaka miwili, Naila akilala chini ya dawati kwenye khanga, na cheti alichopata alikiweka kwenye bahasha moja na kadi ya kliniki ya mtoto, kwa kuwa hivyo ndivyo vitu viwili alivyovijua kuwa ni vyake kabisa. Fomu aliitengeneza kwa Java, lugha ya kuandikia programu, kurasa tatu: jina, mifugo, simu. Mradi uliweka meza mbili za kuandikisha, moja Dutumi, nyingine Kibuta. Siku ya chanjo ikikaribia, mfumo unatuma ujumbe kwa kila mwenye simu. Asiye na simu, karani anaweka alama kwenye "Hana simu", kisanduku cha namba kinajifunga, na jina la mtu huyo linaingia kwenye orodha ya watu wa kufuatwa nyumbani kwa baiskeli.

Sasa wiki mbili zilizopita, huko Kibuta, kaya kumi na tisa hazikutokea siku ya chanjo. Mzee Mahona, aliyehamia upande ule na ng'ombe wake kutoka Shinyanga miaka mingi nyuma, akapoteza ndama wawili kwa chambavu, ugonjwa wa kuvimba mapaja. Akaja ofisini na fimbo yake, akauliza kwa upole kabisa kwa nini hakuambiwa. Wakafungua jina lake. Kwenye nafasi ya simu, mzee ambaye hajawahi kumiliki simu maishani mwake alikuwa na namba. Wakafungua wa pili, namba ileile. Wa tatu, ileile. Wote kumi na tisa. Namba yenyewe ilikuwa ya Kitwana, karani wa meza ya Kibuta.

Hapo kila mtu akakumbuka mihogo. Mwaka jana ng'ombe wa kina Mahona waliingia shamba la baba yake Kitwana wakalimaliza usiku mmoja, na kesi ile haikwisha vizuri. Basi watu wakajumlisha wenyewe. Kitwana ameziba masikio ya wafugaji ili ng'ombe wao wafe.

Zuwena naye alijumlisha. Hakutaka, lakini alijumlisha. Siku ya Alhamisi Kitwana alimpigia simu.

"Eti mdogo wangu, hiyo mashine yako inaonyesha kila ninachoandika?"

"Inaonyesha, kaka. Na saa uliyoandika."

Kuku walisikika nyuma ya Kitwana. "Haya," akasema, akakata.

Lile "haya" Zuwena alilala nalo, akaamka nalo. Mtu asiye na neno moyoni angeuliza vile kwa nini? Na kulikuwa na jingine. Kabla ya ndama kufa, Mahona akifika meza ya Kibuta walikuwa wanataniana, Msukuma na Mzaramo. Kitwana husema, "Umekuja kumalizia mihogo iliyobaki?" na Mahona hujibu, "Nimekuja kukuzika, nimesikia ngoma." Siku hizi walikuwa wanasalimiana kwa adabu, hujambo, sijambo, na kila aliyewasikia Kibuta alijua kwamba pameharibika.

Bi Stellamaris, mkuu wa mradi, hakuwa mtu wa kuzunguka. "Zuwena, nataka karatasi. Nani kaandika nini, siku gani, saa ngapi. Jumamosi Kitwana atakuwa mbele yangu na mzee Mahona atakuwepo."

Basi alfajiri ile Zuwena aliketi, mwanga wa kioo usoni, akaiamuru kompyuta itafute. Angeweza kutafuta namba ya Kitwana peke yake. Lakini mwalimu wake wa jioni aliwazoesha kuuliza swali pana kwanza, kwa hiyo akaandika: nionyeshe kila namba iliyo kwa mtu zaidi ya mmoja. Alitegemea mstari mmoja.

Ikatoka mistari thelathini na kitu.

Juu kabisa Kitwana, watu ishirini, yeye na kumi na tisa wake. Chini yake namba za watu wa Dutumi asiowajua, watu wawili hapa, watatu pale. Na katikati, mstari ambao aliusoma, akausoma tena, kisha akageuka kumtazama Naila kana kwamba mtoto ndiye aliyeuandika. Namba inayoishia na sifuri na saba mbili. Namba yake yeye mwenyewe. Watu watano.

Akayafungua majina. La kwanza lake mwenyewe. La pili Swaumu, bibi wa Dutumi.

Bibi yule alimkumbuka vizuri. Siku ya kufungua meza ya Dutumi, Zuwena alijiandikisha yeye kwanza ili karani aone namna ya kujaza. Aliyefuata alikuwa Bi Swaumu mwenye mbuzi saba. Zuwena alimuuliza namba ya simu, bibi akacheka hadi ushungi ukateleza. "Simu ya nini, mwanangu? Wa kunipigia wote nimeshawazika." Zuwena akaweka alama ya "Hana simu" kwa mkono wake huu.

Kwa mkono wake huu. Na namba iliyoingia ni yake.

Akachukua simu, akarudi nyuma kwenye ujumbe wa zamani. Ulikuwepo: "Ndugu mfugaji, chanjo ni Jumanne saa mbili." Mara tano, ndani ya dakika moja. Aliuona siku ile na akaupita, akidhani ni majaribio ya mfumo.

Kama hili ni wizi, basi mwizi mmojawapo ni yeye.

Akaanza kupima. Akajiandikisha kwa jina la uongo na namba ya uongo. Akamwandikisha wa pili, akaweka "Hana simu", akatuma. Akafungua. Wa pili alikuwa na namba ya wa kwanza. Akarudia. Ikawa vilevile.

Sasa akalifungua lile faili aliloliandika mwenyewe, akalisoma kama barua ya mtu asiyemwamini. Na hapo, mstari kwa mstari, likajieleza. Java ilikuwa inachukua kila kilichojazwa kwenye fomu na kukimimina ndani ya chombo kimoja alichokipa jina Mfugaji. Kwa sababu fomu ilikuwa na kurasa tatu, aliiambia ikishike chombo kile mkononi, isikiweke chini, mpaka ukurasa wa mwisho. Lakini hakuiambia mahali popote kwamba kazi imekwisha, kiweke chini, chukua kipya. Kwa hiyo mtu anayefuata alimiminiwa ndani ya chombo kilekile. Jina lilifuta jina, mbuzi wakafuta ng'ombe. Namba mpya ilifuta namba ya zamani. Ila kisanduku kilichofungwa hakitumwi kabisa, hata kikiwa kitupu. Kwa asiye na simu hakukuja kitu cha kufuta, na namba ya aliyetangulia ikabaki palepale. Karani hakuweza kuona, maana kwenye kioo Zuwena alikuwa ameagiza visanduku vyote visafishwe. Alisafisha uso, ndani hakugusa.

Na kwa nini Kitwana? Hilo alilijua bila kutafuta. Yeye ndiye aliyemfundisha. "Kila asubuhi kaka, kabla ya watu, jaza jina lako kwanza uone kama mtandao upo." Kitwana alitii kila asubuhi. Kila mara jina lilikuwa lilelile, mfumo ukamhesabu mtu mmoja. Ujumbe uliomjia mara ishirini bila shaka naye aliupita, kama Zuwena. Na wafugaji wa mbali, wazee na kina mama wasio na simu, ndio waliowahi kufika, wakamaliza kukamua wakaja, mmoja nyuma ya mwingine.

Dirisha likaanza kupata rangi. Zuwena akakaa, mikono mapajani. Alijua kabisa kilichokuwa mbele yake. Akirekebisha mistari miwili sasa hivi na kuchapa karatasi ya Kitwana peke yake, hakuna mtu Pwani nzima angejua. Mkataba wake wa majaribio unaisha mwisho wa mwezi. Kodi ya chumba, sare ya Naila ya darasa la kwanza, vyote vilikuwa vinasubiri mkataba ule. Na Kitwana watu walishamhukumu, angekuwa anaongeza jani tu kwenye mzigo.

"Mama, unaongea na nani?" Naila aliuliza kutoka kitandani.

"Na kompyuta."

"Imekujibu?"

"Imenijibu," Zuwena akasema. "Amka ukaoge. Leo tunakwenda wote."

Ofisi ya mradi Kisarawe ilikuwa chumba kimoja chenye madirisha ya vioo, kwenye mteremko, migomba ikionekana nje. Kitwana alishafika, kanzu imepigwa pasi, daftari lake kubwa limekumbatiwa kifuani. Mzee Mahona alikaa upande wa pili, fimbo katikati ya magoti. Katikati yao viti vitatu vilikuwa vitupu.

"Shikamoo mzee Mahona. Shikamoo kaka Kitwana."

"Marahaba," wakajibu wote wawili, kila mmoja akitazama kwake.

"Karatasi," Bi Stellamaris akasema.

"Sijachapa, mama. Nimekuja na kosa. Kitwana hakuandika namba yake kwa mtu yeyote. Ni fomu yangu."

Hakuna aliyefurahi. Hilo ndilo lililomshangaza Zuwena. Bi Stellamaris alivua miwani, akamtazama yeye, akamtazama Kitwana.

"Mlipanga lini?"

"Hatujapanga kitu."

"Alhamisi alikupigia. Nimeambiwa."

"Nilimpigia," Kitwana akasema. Akafungua daftari. "Kwa sababu kila niliyemwandikisha nimemwandika na hapa kwa kalamu. Mahona, hana simu. Tazameni. Nilitaka kujua kama mashine inasema kama daftari langu. Binti akaniambia inaonyesha kila kitu. Nikasema haya, basi nimekwisha, maana nani ataamini daftari?"

"Daftari unaweza kuliandika jana," Bi Stellamaris akasema.

"Ndiyo maana sikulileta mapema."

Mzee Mahona akagonga fimbo chini polepole. "Hawa wote ni watu wa Pwani," akasema. "Watateteana."

Zuwena akafungua kompyuta, akaisukuma mbele ya Bi Stellamaris. "Sitagusa mimi, mama, wala yeye. Jiandikishe wewe. Jina lako, namba yako. Kisha mwandikishe mzee."

Bi Stellamaris akajaza kwa kidole kimoja, kwa hasira kidogo. Ng'ombe, sifuri. Namba yake. Tuma. Kisha Mahona, ng'ombe arobaini, Hana simu. Kisanduku kikajifunga. Tuma. Akafungua jina la Mahona.

Akausogeza uso karibu na kioo.

"Namba yangu inafanya nini hapa?"

Mzee Mahona akainama mbele. "Kumbe na wewe, mama," akasema, "umewala ndama wangu?"

Kitwana alikuwa wa kwanza kutoa sauti, kitu kati ya kikohozi na kicheko, akakimeza.

"Kwa hiyo kosa ni lako," Bi Stellamaris akamwambia Zuwena.

"Ni langu."

"Ndama wa watu wamekufa. Na mkataba wako unaisha tarehe thelathini."

"Najua, mama. Kuna wengine Dutumi nao hawajui siku ya chanjo ijayo. Majina ninayo yote. Naomba wafuatwe kabla hujaamua juu yangu."

Bi Stellamaris akarudisha miwani, akaitazama namba yake kwenye kioo kwa muda. "Tengeneza nione. Mengine Jumatatu."

Mistari ilikuwa miwili. Baada ya kutuma, weka chombo chini. Asiye na simu, namba yake ifutwe. Zuwena akakosea, akarudia, akauzima mfumo na kuuwasha upya. Kitwana aliketi bila kumsaidia wala kumtazama. Ilipokuwa tayari akasogea bila kuambiwa, akavuta kiti, akajiandikisha kama anavyofanya kila asubuhi.

"Sasa tunataka asiye na simu," akasema. "Mahona simwandiki tena. Nikimwandika, mihogo inaliwa."

"Mihogo yenyewe ilikuwa michungu," mzee Mahona akasema. "Ng'ombe waliharisha."

Kitwana akageukia mlangoni, alikokuwa amesimama Naila na mkate wake wa kumimina. "Njoo hapa, mfugaji. Jina?"

"Naila."

"Ng'ombe wangapi?"

Naila akafikiri. "Tuna paka."

"Paka mmoja. Una simu?"

Akatikisa kichwa. Kitwana akaweka alama, kisanduku kikajifunga, akatuma, akalifungua jina. Watu wazima wanne wakainamia kioo. Naila akajipenyeza chini ya mkono wa mama yake, akaweka kidole chenye mafuta pale palipoandikwa simu.

"Hapa hakuna namba," akasema.