Chumba Kiwe Kitupu

Metroni Theresia, mkuu wetu wa wauguzi, alitaka sifa, na mimi nilitaka Metroni anipende. Usinionee huruma, nilikuwa mtu mzima, na cheti cha uuguzi ninacho.

Wakubwa wa Chama walikuwa wanatoka Mtwara mjini kuja kukagua usafi wa hospitali yetu, na Metroni alikuwa ameshawaandikia kwamba kwetu kipindupindu hakipo. Asubuhi hiyo hiyo, katika chumba cha kutengea wagonjwa, alikuwemo Bi Mariamu, mkulima wa mihogo kutoka kijiji cha ujamaa karibu na Kilambo, anaharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele.

"Esta, mtoe," Metroni aliniambia. "Wakute chumba kitupu."

"Nimpeleke wapi?"

"Wodi ya wazazi. Wageni wote ni wanaume, huko hawataingia."

Nikampeleka. Nilimlaza jirani na Zuhura, aliyejifungua kwa kupasuliwa siku mbili nyuma, hata kukaa bado hawezi. Mama yake, Bi Hadija, ndiye aliyekuwa akimuuguza.

"Mwenzetu huyu anaumwa nini, Sista?"

"Tumbo tu, mama."

Neno moja lingetosha. Nililimeza, nikakimbilia kusugua sakafu ya chumba kitupu.

Bi Mariamu hakuwa na ndugu pale, na watu wa vijiji vile hawamwachi mgonjwa alale katika uchafu wake. Bi Hadija alimfuta, akamwaga ndoo yake, akamfulia kanga. Kisha akasuuza mikono kwa kopo la maji, akarudi kumlisha mwanawe. Nilimwona kupitia dirisha. Wakaguzi walikuwa wameshafika getini, kwa hiyo sikuingia.

Tulisifiwa sana. Kesho yake Zuhura alianza kuharisha, na keshokutwa akafa. Bi Mariamu alipona.

Metroni alinituma nikamweleze mama mtu chanzo cha kifo. Nilikuwa najichukia, na chuki yote nikammwagia yeye.

"Ulimshika mgonjwa wa kipindupindu, halafu ukamlisha mwanao kwa mikono hiyo hiyo. Wewe ndiye uliyempelekea."

Hakuniuliza mbona sikumwambia. Angeuliza, walau ningelia.

Kitoto cha Zuhura kilikuwa kinalia njaa. Shangazi yake akakileta kwa bibi ili akibembeleze. Bi Hadija alirudi nyuma mpaka ukutani, mikono kaificha ndani ya kanga.

"Msinipe mimi," alisema. "Nitamuua na huyu."