Mgongo wa Tulinagwe

…na bado amenipa mgongo, uso ameugeuzia ukuta, kitenge kimemfunika hadi nyusi, kalamu ya mwenyekiti wa baraza la ardhi imening'inia juu ya karatasi, na jina linalongojwa na chumba kizima ni langu, Anyelwisye, na anayetakiwa kulitaja ni Tulinagwe, mpima ardhi, mke wa mwanangu Ambwene… "Shahidi, narudia, nani alikuagiza uyasogeze mawe ya mpaka hadi majini? Mtaje, na kama yumo humu mwonyeshe," asema Bi Tereza, mwenyekiti, aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, ajuaje kwamba kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe usoni wala halitamki jina lake, wengi wameiacha desturi hiyo, Tulinagwe hajaiacha, miaka kumi na miwili kila anisikiapo nikikohoa njiani huingia migombani hadi nipite, nami nilijua, Mungu wangu, ndiyo maana nimewahi asubuhi kuketi benchi la mbele, mkabala na kiti cha shahidi, sikuja kusikiliza, nimekuja kumfunga mdomo… "Mtoe yule mzee nje, mama mwenyekiti, dada wa watu atasema!" apaza sauti Angetile, mfinyanzi wa Lyulilo, mdai katika shauri hili, "mzee akiwa hapo, hata dada akikalia siafu hatatikisika!" wanacheka, waache wacheke, mimi jasho linanitiririka mgongoni, mimi niliyeanza na vyumba vinne vya kupangisha Kyela mjini, kiwanja chenyewe nimepewa na baba yake mke wangu Marta nilipomwoa, udiwani nikaupata kwa kuwa kaka yake Marta, shemeji Nsajigwa, ndiye mbunge, kiti cha ofisi ya ubalozi Lilongwe nikakipata kwa simu yake moja, hakuna mlango nilioufungua kwa mkono wangu, na sasa jina langu liko mezani kwa wakubwa, niwe balozi kamili, "Shemeji, doa lisionekane hata moja mpaka barua ya uteuzi isainiwe," alisema Nsajigwa jana, na doa ni ufuko ule wa Lyulilo, wafinyanzi wanaposhushia vyungu kutoka mitumbwini, nilipouona niliona hoteli tu, sikuona vyungu… nikaenda nyumbani kwa Ambwene, nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko, Tulinagwe ndani, mimi nje, kwa heshima zote, nikasema, mwanangu, mawe yale ya mpaka yasogee hadi majini, mwiko ukagonga sufuria, kisha, "Ndaga, tata," akanishukuru, nami nikaondoka nikijipongeza kwamba hakuna aliyetuona… "Mbona unautazama ukuta, mama? Ukuta ndio uliokuagiza?" ee Mola, nani amemwambia, hapana, ni mzaha tu, ni mzaha, lakini viatu vya Tulinagwe vina udongo wa kijivu, udongo wa wafinyanzi, alfajiri hii amepita Lyulilo, amewaambia nini, atasema, mabega yanapanda, anavuta pumzi, atasema… "Ukinyamaza nitaandika kwamba ulitenda kwa utashi wako mwenyewe, na jalada litakwenda polisi, umenielewa?" na kitenge kinashuka zaidi, mpaka kidevuni, anatikisa kichwa, kidogo, kama mtu anayefukuza nzi, na ninaelewa, hatasema, atakwenda rumande na jina langu chini ya ulimi, ndilo nililoliombea usiku kucha, limejibiwa, basi mbona moyo haushuki, mbona hofu imegeuka tu upande, niliogopa asije akalitamka, sasa naogopa hatalitamka kamwe, na desturi hii inatufunga wawili, si yeye peke yake, mimi ndiye niliyepaswa kukohoa asubuhi na kumwachia njia, badala yake nimekuja kuiziba kwa mwili wangu… inuka, Anyelwisye, nimeshika ukingo wa benchi, Bi Tereza ameangalia saa, kalamu iko palepale, mgongo ni uleule, na jina langu limefika kwenye meno yangu mwenyewe