Skrini Ilisema Gari Linakuja

Mama mkwe hakuwa na mazoea ya kumpigia simu. Heshima ya mkwe haikuruhusu. Kwa hiyo Ignatius alipoona jina lake, alijua kuna jambo kabla hajapokea.

"Mwanangu, uchungu umemshika mkeo Rosebella, chupa imepasuka. Nimebonyeza ile kitu yako ya kuita ambulensi. Inasema gari linakuja."

"Vizuri, Mama. Tulieni hapo hapo."

Akakata, akamgeukia Selpher, mwenzake wa kuandika programu katika chumba chao cha Shirere, akitabasamu kama aliyeshinda kesi. Na kweli alikuwa ameshinda. Wiki nzima walizozana juu ya programu hiyo ya simu. Selpher alitaka skrini iwe mdomo tu: akili ikae nyuma yake, hiyo ndiyo ipeleke ombi kwa dereva, na skrini isitamke neno mpaka iambiwe. Mtindo huo waandika programu wanauita MVVM, na kazi yake inachosha. Ignatius alitaka skrini ifanye yote yenyewe: ibonyezwe, itume, ijibu. "Dada, unataka kujenga ghorofa ya kufugia kuku?" Na kwa kuwa watu wa Shinyalu walikuwa wakiisubiri programu, ghorofa ikaachwa, ikatumika skrini ya Ignatius.

Muda ukapita. Simu ikalia tena.

"Mwanangu, gari halijafika, na Rosebella anatoka damu nyingi. Jirani alileta pikipiki nikamrudisha, nikamwambia gari liko njiani."

Selpher alikuwa ameshafungua upande wa dereva kwenye kompyuta. Hakukuwa na ombi lolote.

"Mtandao ulikatika Mama alipobonyeza," Selpher alisema. "Skrini haikungoja jibu, imejisemea tu. Dereva hajui kitu."

"Si inasema linakuja!" Ignatius alifoka.

"Ni skrini inayosema, si dereva, Ignatius!"

Jamani, mtu akishikwa na woga hugombana hata na anayemsaidia. Alimpigia Chrispinus, dereva wa ambulensi.

"Ombi? Mimi niko tu hapa Khayega nangojanga. Hakuna kitu imeingia."

"Nenda! Ni mke wangu, Chrispinus, nenda!"

Kisha kungoja. Ignatius alizunguka chumba, akakaa, akainuka, akamwomba Mungu kwa sauti bila aibu yoyote.

Simu ilipolia, alichosikia kwanza ni kilio cha mtoto.

"Ni msichana," mama mkwe alisema, naye analia. "Tuko hospitali, damu wameizuia. Rosebella ni mzima. Mungu akubariki na hiyo kitu yako, mwanangu! Ilisema gari linakuja, na kweli likaja. Nitawaambia wamama wote wa huku, ikishasema hivyo, watulie tu wangoje."

Ignatius akamkatiza.

"Hapana, Mama. Usimwambie mtu yeyote. Ilikudanganya. Ni mimi niliyeiandika hivyo."

Upande wa pili mtoto aliendelea kulia.