Ekari Nne za Mama Pacha

Bwana shamba alipima shamba la dada yake mara tatu asubuhi ile, ingawa mara moja ingetosha. Ekari sita, vitumba vimepasuka, pamba nyeupe mpaka mpakani. Kwenye fomu ya ruzuku palikuwa na mstari mmoja uliomnyima raha: jina la aliyelima.

Mbili alilima dada. Nne alizikodisha kwa Mama Pacha, mjane aliyehamia pale na wanawe misimu miwili nyuma. Huyo ndiye aliyepanda, akapalilia, akapuliza dawa na pampu mgongoni. Na agizo la serikali lilikuwa wazi: ruzuku ni ya mkulima, si ya mwenye ardhi.

"Andika langu zote," dada alisema akimmiminia chai. "Kwani ardhi ya nani?"

"Ardhi yako, dada. Jasho si lako."

"Na hiyo kalamu uliyoshika? Baba alipofariki, nani alichuma pamba mpaka vidole vikatoka damu ili wewe usome?"

Bwana shamba aliiacha chai. Akatoka, akawasha pikipiki, akaizima, akaenda kwa miguu hadi kwa Mama Pacha.

"Usiniandike, kaka," mjane alimwambia bila kuacha kuchuma. "Ukiniandika leo, kesho nafukuzwa. Wewe na dada yako ni chanda na pete. Mkishapatana, mimi nitakuwa wapi?"

Basi ukweli ukawa hauna anayeutaka. Fomu zilitakiwa Ijumaa. Ofisini alifuta meza iliyokuwa safi, akafungua faili, akalifunga, akaenda dirishani, akarudi.

"Wewe vipi, umeingiwa na siafu kwenye suruali?" mwenzake aliuliza.

Ijumaa asubuhi alirudi shambani.

"Mwaka jana ruzuku ya ekari hizi alipewa nani?"

"Dada yako."

"Akakugawia?"

Mama Pacha akacheka, kicheko kikavu. "Alinigawia maneno." Akatoa takataka kwenye pamba aliyoishika. "Haya, andika. Lakini uandike mbele yake. Sitaki aje asikie njiani."

Wakaenda wote wawili. Dada alikuwa uani akitandaza magunia. Bwana shamba aliweka fomu juu ya gunia lililojaa, akaandika majina mawili, la dada kwa ekari mbili, la mjane kwa nne.

Dada hakupiga kelele, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Msimu ukiisha, aondoke," alisema.

"Achume yake yote kwanza."

"Nimesema msimu ukiisha! Mimi si mwizi."

Ruzuku ilipotoka, Mama Pacha alikodi ekari tatu ng'ambo ya barabara na kubakiwa na akiba ya mbegu. Zile nne za dada ziliota nyasi za kufika kiunoni. Hapakutokea mtu wa kuzikodi. Kwa miezi minne dada alipishana na bwana shamba, mdogo wake, kama hamjui, naye kila siku akawa anatafuta sababu ya kupita karibu.

Mvua za kwanza ziliponyesha, simu ya bwana shamba ikalia.

"Nitafutie mtu wa kukodi zile ekari nne," dada alisema. "Na safari hii mwandikishe mapema, nisije nikaaibishwa tena uani kwangu."

"Sawa, dada. Nije lini?"

"Kwani nimekukataza lini?"

Aliondoka ofisini saa ileile, fulana ya kazi ikiwa imegeuzwa nje ndani, kabla dada hajabadili mawazo.